SOMO LETU: HAKIMILIKI HUDUMU MIAKA MINGAPI?



Tuseme kijijini kwenu alikuwapo mzee mmoja mtunzi wa nyimbo. Alitunga maneno, akatunga na sauti zake, na mara mbili alikwenda mjini akarekodiwa. Mzee huyo amefariki. Inapita miaka minane. Siku moja anafika mgeni nyumbani kwa mjane wake, karatasi mkononi. Anasema:

"Pole mama. Nataka kuzitoa upya zile nyimbo za marehemu. Maadamu mwenyewe hayupo, nyimbo sasa ni za watu wote. Lakini mimi kwa heshima tu, nakupa shilingi elfu hamsini. Tia sahihi hapa chini."

Je, maneno ya mgeni huyu ni ya kweli? Mtunzi akifa, haki yake nayo imekufa? Hilo ndilo somo letu la leo. Mchukue kalamu na karatasi, maana mna hesabu ndani yake. Si hesabu ngumu, ni ya kujumlisha tu.

Hakimiliki ni nini?

Ukilima shamba, mavuno ni yako. Mtu hawezi kuingia akavuna bila ruhusa. Aliyetunga wimbo, shairi, hadithi au mchezo wa kuigiza, na aliyechora picha au kuchonga kinyago, naye amelima. Haki ya kusema nani achapishe kazi hiyo, nani airekodi, nani aiuze, nani aifasiri, ndiyo inayoitwa hakimiliki.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Ofisi inayoshughulikia mambo haya huitwa COSOTA. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo sheria yao ya mwaka 2003, na ofisi yao ni COSOZA.

Haki hii huanza pale pale kazi inapotungwa. Huhitaji kulipa ada ndipo wimbo uwe wako. Kujiandikisha COSOTA kunasaidia kwa upande wa ushahidi, siku mtu atakapobisha, lakini hata yule ambaye hajajiandikisha ana haki yake.

Lakini haki hii haifanani na shamba kwa jambo moja. Shamba laweza kurithiwa na mtoto, mjukuu na kitukuu, bila mwisho. Hakimiliki ina mwisho. Sheria imeiwekea miaka, na miaka hiyo ikitimia, kazi inakuwa ya watu wote. Hapo kila mtu yuko huru kuichapisha au kuiimba, na hadaiwi ruhusa wala malipo.

Hesabu inaanzia wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata waliosoma sana. Wanadhani miaka inahesabiwa tangu kitabu kilipochapwa au wimbo ulipoimbwa mara ya kwanza. Sivyo. Kwa vitabu, mashairi, nyimbo na michoro, sheria yetu inamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha inaongeza miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tarehe ya kuitafuta ni ya kifo, wala si ya kitabu.

Na tena, hatuhesabu tangu siku yenyewe ya kifo. Tunangoja mwaka uishe, tarehe 31 Desemba, ndipo tunaanza kuhesabu. Vivyo hivyo, haki inakwisha tarehe 31 Desemba ya mwaka wa hamsini.

Tufanye mfano. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki tarehe 12 Januari 1979, baada ya ajali ya gari huko Mombasa. Andika 1979. Jumlisha 50. Unapata 2029. Basi nyimbo alizotunga zinalindwa mpaka tarehe 31 Desemba 2029, sio Januari. Kwa sababu alifariki mwanzoni mwa mwaka, hesabu inazidi miaka 50 kwa miezi kumi na moja na siku kadhaa.

Sasa mfano wa pili. Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, alifariki mwaka 1962. Jumlisha 50, unapata 2012. Kwa kipimo hiki, tangu tarehe 1 Januari 2013 mashairi na hadithi alizoziandika ni mali ya wote. Lakini jihadhari hapo! Ukinunua kitabu chake kilichochapwa upya, ndani mnaweza kuwa na dibaji ya mwalimu aliye hai, na juu ya jalada picha ya mchoraji aliye hai. Dibaji na picha hiyo ni mali ya hao wenyewe. Hupati ruhusa ya kuvinakili eti kwa sababu maneno ya Shaaban Robert yamekuwa huru.

Tafsiri nayo ni kazi peke yake. Shakespeare, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Uingereza, alifariki mwaka 1616. Kazi zake hazidaiwi na mtu. Mwalimu Nyerere alizifasiri mbili kwa Kiswahili, mojawapo ni "Mabepari wa Venisi" ya mwaka 1969. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Jumlisha 50. Ni 2049. Kikundi chenu cha maigizo kikitaka kufasiri Shakespeare upya chenyewe, ruksa, hakuna wa kuombwa. Kikitaka kuonyesha kwa kiingilio tafsiri ya Mwalimu kabla ya mwaka 2050, lazima kiombe ruhusa kwa wenye haki.

Kama watunzi ni wawili

Watu wawili wakitunga wimbo mmoja kwa pamoja, miaka 50 inahesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho. Mmoja akifa mwaka 1990 na mwenziwe mwaka 2015, wimbo unalindwa mpaka mwisho wa 2065. Warithi wa aliyetangulia wanafaidi mpaka mwaka huo huo. Ndiyo maana ni vizuri majina ya wote yaandikwe, na sio jina la mwenye sauti nzuri peke yake, kama tunavyoona katika vikundi vingi.

Zile kazi zisizo na jina la mtunzi, au zenye jina la kubuni lisilojulikana ni la nani, hazina kifo cha kuhesabia. Kwa hizo kuna Mkataba wa Berne, uliofanywa katika mji wa Berne, Uswisi, mwaka 1886, na Tanzania ikajiunga mwaka 1994. Mkataba huo unataka kazi hizo zilindwe miaka 50 tangu zilipotolewa kwa watu. Basi anayetaka warithi wake wapate zaidi, aandike jina lake.

Filamu huhesabiwa tangu ilipotolewa kwa watu, miaka 50. Vitu vya sanaa vya matumizi, kama kiti kilichonakshiwa au kitambaa chenye pambo la kubuniwa, mkataba huo unaruhusu vilindwe muda mfupi zaidi, ila usipungue miaka 25 tangu vilipotengenezwa.

Santuri moja, mali mbili

Sasa tukae kidogo hapa, maana ndipo penye mzozo zaidi. Katika santuri, kanda, au wimbo ulio ndani ya simu, mna mali mbili. Ya kwanza ni wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti alizotunga mtu. Ya pili ni ile rekodi, yaani kazi ya kuinasa sauti. Mwenye wimbo aweza kuwa mzee wa kijijini, na mwenye rekodi aweza kuwa kampuni ya mjini. Hata muda wao haulingani.

Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani zilirekodiwa Nairobi, kwa hiyo tuitazame sheria ya Kenya ya mwaka 2001. Kwa wimbo, Kenya inasema kama sisi: maisha ya mtunzi na miaka 50. Lakini kwa rekodi inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Tuseme wimbo ulirekodiwa mwaka 1970, na mtunzi akafariki mwaka 1979. Rekodi imemaliza muda wake mwisho wa mwaka 2020. Wimbo je? Bado mpaka mwisho wa 2029. Basi kampuni ikisema, "Rekodi hii ni ya zamani, imeshakuwa huru," yaweza kuwa inasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Warithi wa mtunzi wanapaswa kuombwa ruhusa na kulipwa.

Picha ya kamera nayo, kwa sheria hiyo ya Kenya, huhesabiwa tangu ilipopigwa au ilipotolewa kwa watu, wala si tangu kifo cha mpiga picha.

Mtindo si mali ya mtu

Wengi mmeona picha za Tingatinga, zenye ndege na wanyama wa rangi kali. Zimepewa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Picha alizochora kwa mkono wake mwenyewe zilimaliza miaka 50 mwisho wa 2022. Lakini mtindo wake haukufungwa hata siku moja, kwani sheria hailindi mtindo wala wazo, inalinda kazi iliyokwisha fanywa. Wanafunzi wake walichora kwa mtindo ule ule, na picha ya kila mmoja ni mali yake mwenyewe, nayo itahesabiwa kwa kifo chake mwenyewe.

Jambo jingine: ukinunua picha ukaitundika sebuleni, umenunua picha tu. Hukununua haki ya kuichapa kwenye fulana na kuziuza.

Na ngoma za mababu? Wimbo wa jando ambao hakuna ajuaye aliyeutunga, hauna mtunzi wa kuhesabia kifo. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi, ili watu wasizichukue kwa biashara ovyo. Msichanganye ngoma hizo na wimbo uliotungwa na mzee wenu juzi kwa ngoma ile ile. Huo una mwenyewe.

Vitu vingine havina hakimiliki hata kidogo. Maandishi ya sheria na hukumu za mahakama ni ya wote tangu siku ya kwanza. Habari za siku, kwamba mto umefurika au bei ya korosho imepanda, nazo ni za wote.

Nchi nyingine zimeongeza miaka. Uingereza ni 70 baada ya kifo, na Mexico imefika 100. Kwa hiyo mwandishi akiwa amefariki mwaka 1965, kitabu chake chaweza kuwa huru Tanga tangu 2016, na London bado kina mwenyewe mpaka mwisho wa 2035. Mimi naona miaka 50 inatosha. Inawalea watoto, na mara nyingi wajukuu pia.

Turudi kwa ile karatasi

Mzee alifariki miaka minane iliyopita. Toa 8 katika 50, inabaki 42. Kwa hiyo nyimbo si za wote. Ni za mjane na watoto, kama ng'ombe au nyumba aliyoiacha, kwa miaka mingine 42. Na mgeni anajua hivyo. Kama nyimbo zingekuwa za wote, angehitaji sahihi ya nini?

Mama asiweke sahihi siku hiyo, wala dole gumba. Aombe karatasi ibaki, aisome taratibu, awaite na watoto. Atafute mambo matatu. Je, imeandikwa "kuuza haki zote" au "kutoa ruhusa"? Kuuza haki zote ni sawa na kuuza shamba. Kutoa ruhusa ni kukodisha. Ruhusa hiyo ni ya miaka mingapi? Na malipo je, ni mara moja tu au ni sehemu ya kila mauzo? Elfu hamsini kwa miaka 42, ukigawanya, haifiki hata shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwaka. Bei ya shamba gani hiyo?

Mwenye mtunzi nyumbani aweke katika bahasha moja orodha ya nyimbo zake, mwaka aliotunga kila mmoja, na mikataba aliyotia sahihi. Akifariki, cheti cha kifo kiingie humo humo, kwa maana ndicho chenye tarehe tunayoihesabia.

ZOEZI

1. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, alifariki mwaka 1969. Mashairi yake yalilindwa mpaka lini?

2. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki Desemba 2010. Nyimbo alizotunga zitakuwa za wote kuanzia tarehe gani?

3. Mama na mwanawe walitunga utenzi pamoja. Mama alifariki 1988, mwana 2004. Haki inakwisha lini?

4. Kwa sheria ya Kenya, rekodi ya mwaka 1982 inalindwa mpaka lini?

Majibu: (1) 31 Desemba 2019. (2) 1 Januari 2061. (3) 31 Desemba 2054. (4) 31 Desemba 2032.