Somo la 14: Tulifuata Maji Mpaka Choma



Somo hili linasimulia safari ya siku moja. Waliosafiri ni wanakisomo wa darasa la jioni la Kariakoo, Dar es Salaam. Mimi niliyeandika ni mwalimu wao. Tulikuwa watu 12. Tulikwenda Morogoro, tukapanda mlima kwa miguu, tukafuata kijito mpaka kwenye maporomoko ya maji yaitwayo Choma. Soma polepole. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

Swali lililoanzisha safari

Jioni moja niliandika ubaoni: "Chanzo cha maji." Nikauliza, "Je, chanzo cha maji ya Kariakoo ni nini?"

Kijana mmoja anayesukuma mkokoteni akajibu, "Bomba."

Mzee mshona viatu akasema, "Bomba si chanzo, mwanangu. Chanzo ni DAWASA."

Watu wakacheka. Mama lishe wetu hakucheka. Alisema, "Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, bomba langu lilikauka. Tukaambiwa mto Ruvu umepungua, maji yatatolewa kwa mgao. Nikanunua maji ya madumu, na bei ilipanda kila siku. Wateja hawakutaka habari za mto. Walitaka wali. Tangu siku ile natamani kuona huo mto unakotoka."

Mwanakisomo mwingine alisema kwamba karibu yetu pana kijito cha Msimbazi. Ni kweli. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kupita Jangwani. Lakini ulivyo mchafu hapo Jangwani, hakuna mtu anayethubutu kuunywa. Maji ya bomba yanatoka mbali zaidi.

Tukaamua kwenda. Kila mtu aliweka akiba shilingi 5,000 kwa wiki, kwa muda wa wiki 9. Treni mpya ya umeme ya kwenda Morogoro ilikuwa imeanza Juni 2024. Nauli ya treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Tulichagua Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti. Wakati huo ni kiangazi. Maporomoko huwa na maji machache kuliko wakati wa masika, lakini njia haina utelezi mwingi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Mto tuliouona dirishani

Treni iliondoka alfajiri. Tulipovuka mto Ruvu, kijana wa mkokoteni alisimama dirishani. "Mto wenyewe ndio huu?" aliuliza. Alidhani ataona kitu kama bahari.

Wakati wa kiangazi Ruvu si mto wa kutisha. Lakini mitambo miwili mikubwa inavuta maji kutoka mto huo na kuyapeleka Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Ulijengwa mwaka 1959. Mtambo wa Ruvu Chini uko upande wa Bagamoyo. Ulijengwa mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa baadaye. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, Ruvu Juu hutoa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini lita milioni 270. Katika ukame wa Oktoba 2022 jumla ilishuka mpaka lita milioni 300 hivi. Huo ndio ulikuwa mgao wa mama lishe.

Kabla ya saa mbili kutimia tangu tuondoke, tulikuwa Morogoro. Mlima ulikuwa mbele yetu, umevaa mawingu kichwani.

Njia ya kijito

Milima ya Uluguru inaanzia pale pale mjini. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana ukiwa sokoni, kina urefu wa mita 2,138. Sisi hatukwenda kileleni. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na haiingiwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Ukitaka kupanda, uliza kwanza ofisini kwao, na mchukue mwenyeji wa kuwaongoza. Sisi tulimpata kijana mmoja wa Kiluguru, mpole, mwenye miguu ya mbuzi.

Tulianza kupanda kutoka Rock Garden, mahali kijito kinapopita katikati ya mawe makubwa. Njia ni nyembamba. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde, na chini yake maji yanasikika muda wote hata usipoyaona. Tulipita migomba, mihogo, na vishamba vya maharage vilivyoning'inia mlimani kama kanga iliyoanikwa. Akina mama wa Kiluguru walishuka na vikapu vya mboga kichwani, wakienda soko la Morogoro. Walitusalimu na kutupita. Sisi watu wa mjini tulikuwa tunahema.

Baada ya saa moja na nusu tulifika mahali pa kuvuka kijito. Kijana mwenyeji alituonya: "Msikanyage jiwe la kijani. Kanyageni jiwe kavu au mchanga." Jiwe la kijani lina utelezi kama sabuni.

Mzee mshona viatu alikanyaga jiwe la kijani. Alikuwa amevaa ndara za mpira ambazo soli yake imekwisha kabisa. Mguu ukateleza, akaketi majini, na kifundo cha mguu kikateguka. Mtu anayeshona viatu vya Kariakoo nzima alikuwa hana viatu vya maana vya kwake. Alilisema hilo mwenyewe, kabla yetu. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika kwa maumivu. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimewaambia watu walete maji, mkate na koti. Sikukagua viatu vya mtu hata mmoja. Kosa lilikuwa langu.

Basi soma hapa kwa makini, maana jambo hili huweza kutokea hata shambani kwako. Hatukuuvuta mguu wala kuukanda. Tulimketisha kwenye jiwe, tukauacha mguu ndani ya maji baridi ya kijito kwa muda. Kisha mama lishe alipasua kanga yake, akakifunga kifundo, si kwa kukibana sana. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ujue umebana mno. Tukauinua mguu juu ya mfuko. Kama mfupa ungekuwa umevunjika, au kama angeshindwa kabisa kuukanyagia, tungembeba kumpeleka hospitali mara moja.

Bibi wa kando ya kijito

Bibi mmoja alikuwa analima ng'ambo. Aliacha jembe, akaja.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Mmefuata nini huku na viatu vya harusini?"

Tulimweleza kwamba tunatafuta chanzo cha maji ya Dar es Salaam. Alitutazama, halafu akakata mti mwembamba, akautengeneza mkongojo, akampa mzee. Akasema, "Chanzo mmekikalia."

Ni kweli, ingawa si chote. Maji ya bonde lile hushuka kuwa mto Morogoro. Mto Morogoro hupita mjini na kuingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu. Ruvu una vijito vingine vingi vya milima hiyo hiyo, kama Mgeta na Mvuha, na vingine vya upande wa mashariki ambako mvua ni nyingi zaidi. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima, unapanda juu, unapoa, na mvua inanyesha. Msitu unaipokea. Majani yaliyooza chini ya miti hunyonya maji kama godoro, kisha huyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana kijito kilikuwa kinatiririka mwezi wa Agosti, miezi mitatu baada ya masika. Mahali palipofyekwa, mvua hushuka kwa siku moja na kuondoka na udongo.

Mama lishe aliona shamba la bibi limefika mpaka ukingoni mwa maji. Hakuweza kujizuia. "Samahani, bibi. Mbona unalima mpaka mtoni? Udongo huu si ndio unatufikia sisi huko chini?"

Niliona haya. Lakini bibi hakukasirika. Alijibu hivi:

"Mwanangu, sheria naijua. Nilijifunza kusoma mwaka 1975, katika kisomo kama chenu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haya, simama hapa majini. Hesabu hatua 60 kwenda juu."

Kijana wa mkokoteni akahesabu, akipanda. Alipofika hatua ya 52, shamba likaisha. Mbele yake palikuwa na mwamba.

"Umeona?" bibi akasema. "Mita 60 ndilo shamba langu lote. Nimepanda migomba pale ukingoni, ishike udongo. Matuta nimechimba mwenyewe. Baba yangu aliyachimba kwa kulazimishwa na serikali ya Waingereza, na mwaka 1955 Waluguru waliyakataa kwa fujo, maana walikuwa wanaamrishwa tu. Mimi nachimba kwa kuwa nimeona faida. Lakini niache shamba lote nile nini? Nyinyi mnakunywa, sisi ndio tunaambiwa tuache. Mnatulipa nini?"

Hakuna aliyejibu. Mimi ni mwalimu, na mimi pia sikujibu.

Baadaye niliwaeleza wanakisomo kwamba swali hilo limewahi kujaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango huko Kibungo Juu, katika milima hiyo hiyo. Wakulima waliochimba matuta na kupanda miti walilipwa, na sehemu ya fedha ilitoka kwa watumiaji wakubwa wa maji huku chini, likiwemo shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, DAWASCO. Wakulima waliofikiwa walikuwa wachache. Bibi wetu hakuwa mmoja wao.

Choma

Mzee alibaki na bibi, akiwa ameegemeza mguu. Sisi wengine tuliendelea, maana mzee mwenyewe alitufukuza: "Nendeni mkaone. Mkirudi bila kuona, nimeteguka bure."

Choma si maporomoko makubwa ya kuogofya. Maji yanateremka juu ya mwamba mweusi, meupe kama unga unaomiminwa, kisha yanatulia kidogo katika kidimbwi. Hewa ni baridi. Tulinyamaza. Mama lishe alichota maji kwa viganja, akanawa uso, akakaa muda mrefu akiyatazama. Alitaka kuyanywa. Nilimkataza. Maji ya mlimani huonekana safi, lakini juu yake wapo watu na mifugo. Yachemshwe kwanza. Wala hatukuogelea chini ya maporomoko, maana mawe yake hayaonekani.

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Mzee alishuka kwa mkongojo, bega moja kwangu, bega moja kwa kijana wa mkokoteni. Kijana alisema mzigo huo ni mwepesi kuliko magunia ya Kariakoo. Tuliipata treni ya jioni, dakika chache kabla haijaondoka.

Barua

Wiki iliyofuata darasa liliandika barua. Kwa mzee na kwa mama lishe, ilikuwa barua ya kwanza maishani. Kijana mwenyeji aliyetuongoza alikubali kuifikisha. Hii hapa:

*Kwa Bibi yetu wa Choma,*

*Shikamoo. Sisi ni wale wa viatu vya harusini. Mguu wa mzee unaendelea vizuri. Mkongojo wako anao, hataki kuurudisha.*

*Tulizungumza juu ya swali lako siku mbili. Wengine walisema serikali ilipe. Wengine walisema tulipe sisi katika ankara ya maji. Hatukukubaliana. Tutaandika barua nyingine kwa wahusika wa maji, mwalimu atatusaidia.*

*Jambo moja tunaweza sisi wenyewe. Mimi mama lishe nanunua karoti na kabichi kila siku sokoni kwa bei ya dalali. Ukivuna, wewe na majirani zako, nitumie habari. Nitanunua kwako moja kwa moja, na wenzangu wanne wamekubali. Andika unataka bei gani. Usiogope kutaja.*

*Ni sisi wanakisomo wa Kariakoo.*

Jibu lilikuja baada ya siku 16, kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa kuegemea kushoto. Bibi alitaja bei ya karoti. Ilikuwa juu kidogo kuliko mama lishe alivyotarajia. Mpaka ninaandika somo hili, bado wanapatana.

Maneno mapya

*Maporomoko*: mahali ambapo maji ya mto yanaanguka kutoka juu.
*Kuteguka*: kiungo cha mwili kutoka mahali pake au kujipinda vibaya.
*Mkongojo*: fimbo ya kutembelea.
*Ankara*: karatasi inayoonyesha fedha unazodaiwa.
*Dalali*: mtu anayenunua au kuuza kwa niaba ya wengine na kupata faida katikati.

Maswali

1. Maji ya kijito cha Choma yanapita mito gani kabla ya kufika Mlandizi?
2. Mwalimu alifanya kosa gani kabla ya safari?
3. Kila mtu aliweka shilingi 5,000 kwa wiki 9. Alilipa nauli ya kwenda na kurudi. Alibakiwa na shilingi ngapi?
4. Mama lishe na bibi, nani unakubaliana naye? Jadilianeni darasani. Kila upande usemewe na watu wawili.
5. Tembeeni pamoja mpaka chanzo cha maji cha kijiji chenu. Pimeni kwa hatua umbali kutoka maji mpaka shamba la kwanza. Andikeni namba hiyo ubaoni.