Ugonjwa wa Pumu na Dawa Zake

Hapa Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, malori yatokayo Dar es Salaam hupita mchana na usiku. Moshi wake, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni jikoni, kwetu ni kero tu. Kwa mdogo wangu ni hatari, maana ana pumu. Usiku mmoja mwaka jana alikaa kitandani ameinama, mabega juu, asiweze kumaliza hata sentensi moja.

Hewa huingia mapafuni kwa mirija iliyogawanyika kama matawi ya mti. Mirija ya mwenye pumu huwa na uvimbe ndani hata siku asizoona taabu. Akivuta moshi au vumbi, au akishikwa na mafua, mambo matatu hutokea. Kwanza, misuli izungukayo mirija hukaza. Pili, uvimbe huzidi. Tatu, makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hapo kutoa pumzi huwa kazi kuliko kuivuta, na kifua hulia kama filimbi.

Dawa za kuvuta ni za namna mbili. Salbutamoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Lakini haiondoi uvimbe. Beklometasoni ndiyo ipunguzayo uvimbe, polepole, kwa hiyo hutumiwa kila siku, hata mgonjwa akijiona mzima. Akiisha kuivuta, asukutue kinywa.

Hapo ndipo tulipokosa nyumbani. Mdogo wangu alipopata nafuu aliiacha dawa ya kila siku, akabaki na salbutamoli tu, nasi tukafurahi kuwa amepona!

Mtoto asiyejua kuvuta dawa vizuri aweza kusaidiwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Chini yake hutobolewa tundu la kushika barabara kifaa cha dawa, naye huvuta pumzi kwenye mdomo wa chupa. Waganga wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa njia hii yafaa.

Basi, wenzangu, pumu haiambukizi. Msimkimbie mwenye nayo. Mkimwona hawezi kusema, au midomo yake yageuka rangi ya buluu, msingoje kuche. Mpeni salbutamoli yake, mkampeleke hospitali mara moja.