Dondoo muhimu: Kuchaji chombo cha umeme Manono

Ardhi ya Manono, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imebeba lithiamu, madini ya kutengenezea betri, na tangu 2018 mji una kituo cha umeme wa jua cha megawati 1 chenye betri za kuhifadhia. Ukitaka kununua chombo cha usafiri cha umeme, zingatia haya.

Anza na pikipiki. Betri yake ya uniti 3 (kilowati-saa) hujaa kwa saa chache kwenye soketi ya nyumbani. Gari lenye betri ya uniti 60, kwenye soketi ya volti 220 na ampea 10, litakaa hapo zaidi ya siku nzima.

Chaji mchana. Jua likiwa kali, paneli zinalisha mji moja kwa moja. Usiku akiba ya betri inahitajiwa kwa taa za nyumba.

Changeni. Hapa ndipo penye tumaini kubwa. Waendeshaji wachache wakinunua paneli 4 za wati 400, saa 5 za jua kali zitawapa takriban uniti 6 baada ya upotevu, zinazotosha betri 2 za pikipiki. Chagueni betri inayochomoka: moja iko barabarani, nyingine inachajiwa kivulini. Kigali na Nairobi waendeshaji hubadilisha betri vituoni kwa dakika chache.

Waya ziwe nene, zenye ulinzi wa ardhini, na betri iliyotoka juani ipoe kwanza kabla ya kuchajiwa. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji nani atakitengeneza chombo kikiharibika. Asipokuwa na jibu, usinunue.