Mkutano wa Diwani Ambao Sikwenda



Leo naanza na kosa langu. Likizo moja nikiwa nyumbani, diwani wetu aliitisha mkutano kuhusu eneo la wazi lililo kati ya kanisa na msikiti. Alitaka pawekwe mabenchi, taa, na kidaraja cha miguu juu ya mtaro, ili sisi na wenzetu wa bondeni tuache kuzunguka mbali kufikiana. Mimi sikwenda. Nilibaki chumbani nasoma Aristotle, pale anapofundisha kwamba binadamu kwa asili ni kiumbe wa mji. (Cheka tu, ni haki yako.) Waliojaa mkutanoni ni wale waliotaka fremu za maduka. Leo pale pana fremu, na mtaro bado tunauzunguka.

Tumezoea kusema viongozi hawajali. Sasa huyu alijali, tukamwacha peke yake.

Fungua Zekaria 8:4-5. Nabii anapoonyesha Yerusalemu iliyoponywa, hatuonyeshi ukuta wala jeshi. Anatuonyesha wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani na fimbo zao, na watoto wanacheza. Yaani wokovu wa mji unaonekana barabarani, mahali ambapo hakuna anayeulizwa kiingilio.

Yupo mlei aliyeliishi jambo hili: Giorgio La Pira, profesa wa sheria ya Kirumi, aliyekuwa meya wa Firenze, Italia, kuanzia 1951. Vita ilikuwa imeacha familia nyingi bila makazi. Yeye alifundisha kwamba mji lazima uwe na mahali pa kila mtu: pa kusali, pa kupenda, pa kufanya kazi, pa kufikiri, pa kuponywa. Novemba 6, 1954 alikabidhi familia funguo za nyumba katika mtaa mpya wa Isolotto, kando ya mto Arno, wenye bustani na uwanja wa kukutania. Baadaye likajengwa daraja la waenda kwa miguu kuunganisha mtaa huo na bustani kubwa ya Cascine ng'ambo ya mto. Mwaka 2018 Papa Fransisko alithibitisha fadhila zake za kishujaa. Meya, jamani! Siyo mmonaki wa jangwani.

Lakini meya hajengi mtaa peke yake. Katika Laudato Si' namba 150, Papa Fransisko alisisitiza kwamba mipango ya miji izingatie maoni ya watakaoishi hapo. Maoni hayo yatafikaje kama hatupo? Kumuombea kiongozi, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo (1 Tim 2:1-2), ni kazi yetu. Na mkutano nao una saa yake. Kumuunga mkono si kumpigia makofi tu. Akitaka kupafunga palipo pa wote, mwambie hapana, kwa heshima, mbele ya watu.

Kazi ya wiki hii: kwenye jumuiya yenu, someni Zekaria, kisha tajeni sehemu moja ya wazi mtaani kwenu ambako Mkristo na Mwislamu, mpangaji na mwenye nyumba, hukutana bila mwaliko. Ulizeni ofisi ya mtaa ina mpango gani nayo. Jumapili mtajeni diwani wenu kwenye sala za waamini, na siku ya mkutano nendeni angalau wawili.

Mimi likizo ijayo naanzia kwa diwani. Nitamuuliza kama kile kidaraja bado kinawezekana.