Vumbi la Mawe: Kovu Linapozaa Kovu Mapafuni

Ukipita Juja, kati ya Ruiru na Thika, utayaona malori yaliyosheheni mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo. Je, umewahi kujiuliza vumbi la mawe hayo huenda wapi? Sehemu yake huishia katika mapafu ya wanaoyachimba na kuyachonga.

Wapo wanaouliza: "Daktari, kazi ya mawe niliiacha zamani. Mbona pumzi inazidi kunipungukia?" Jibu limo ndani ya seli, zile chembe hai zinazoujenga mwili.

Seli hushika mahali ilipokaa na kupavuta, jinsi wewe unavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Penye ulaini huvuta kidogo. Penye ugumu huvuta kwa nguvu, na mwenendo wake hubadilika. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba seli changa zikiwekwa juu ya kitu laini kama ubongo huelekea kuwa kama seli za neva. Zikiwekwa juu ya kitu kigumu zaidi, huelekea kuwa kama seli za mfupa.

Pafu lenye afya ni laini kama sponji. Mtu akivuta vumbi lenye silika, seli za ulinzi huzimeza chembe hizo, hushindwa kuzisaga, nazo hufa. Pafu hupata uvimbe, kisha seli zinazotengeneza nyuzi huja kuziba jeraha na kuacha kovu. Kovu ni gumu. Seli zikiligusa huvuta kwa nguvu zaidi, na mvuto huo hufungulia kemikali iliyofichwa kati ya nyuzi, inayoamuru kovu jingine litengenezwe. Ndiyo maana ugonjwa huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Ugonjwa huu huitwa silikosi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa jingi mno huja mapema. Hauna dawa ya kuuponya, tena huifungulia njia TB.

Basi ufanye nini?

1. Lowesha jiwe kwa maji unapolikata, ili vumbi lisiruke.

2. Leso mdomoni haizuii vumbi laini. Tumia barakoa ya aina ya N95. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga.

3. Ukikohoa kwa wiki 2, ukikonda au kutokwa na jasho usiku, nenda hospitali. TB hupimwa bila malipo katika hospitali za serikali. Mweleze daktari kazi uliyoifanya, hata kama ni ya zamani.

Usingoje kuishiwa pumzi ndipo ujikinge. Kovu likishakomaa, ni vigumu mno pafu kurudia ulaini wake.