Baba Akiwa Mwanajeshi wa Uingereza: Haki ya Mtoto Aliyebaki Nanyuki

Mjini Nanyuki, na katika vijiji vya Laikipia na Samburu vinavyopakana na maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, watu wengi wanaamini kwamba mwanajeshi akishapanda ndege kurudi kwao, mtoto aliyemwacha hana tena pa kudai. Imani hiyo ina sababu zake. Wanajeshi huja kwa makundi, hukaa wiki chache, kisha huondoka na wengine wakaja. Mama hubaki na jina moja la kwanza, pengine la utani, nambari ya simu isiyopokelewa tena, na mtoto ambaye sura yake inajieleza yenyewe barabarani. Hata hivyo, mimi nashikilia kwamba hakuna sheria ya Kenya wala ya Uingereza inayomkinga baba huyo kwa sababu ya sare yake. Kinachomkinga ni kutojulikana kwake. Kwa hiyo anayetaka matunzo ya mtoto aanze kwa kuthibitisha baba ni nani, na pesa zifuate baadaye. Wengi huanza na pesa, na hapo ndipo wanapokwama.

Tuanze na wajibu wenyewe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na kinasema wazi kwamba jukumu hilo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huohuo. Kuhusu cheti cha kuzaliwa, mwaka 2016 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu cha sheria ya usajili kilichozuia jina la baba lisiandikwe kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa kilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo afisa akikwambia leo kwamba mtoto hawezi kuandikiwa baba kwa kuwa hamkufunga ndoa, anakupa jibu la zamani. Nako Uingereza, mahakama inapoamua matunzo haiulizi kama wazazi walioana.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mshahara wa mwanajeshi haugusiki. Linastahili jibu la uangalifu kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ya Uingereza ya 1971 kuhusu ukataji wa mishahara kwa amri ya mahakama imeyaweka kando malipo ya wanajeshi, hivyo njia inayotumika kwa mfanyakazi wa kiwandani au wa benki haitumiki kwao. Mtu akisoma hapo tu atakata tamaa. Lakini Sheria ya Majeshi ya 2006, katika kifungu cha 342, imefungua mlango mwingine: malipo ya mwanajeshi yanaweza kukatwa na jeshi lenyewe kwa ajili ya matunzo ya mtoto. Yaani sheria imebadilisha mkono unaokata, haikuondoa deni. Na ukitazama vizuri, mwanajeshi ni mdaiwa rahisi kufuatiliwa kuliko wengi: analipwa na serikali, malipo yake yana kumbukumbu, na mwajiri wake anajua alipo.

Upande wa mama anayeishi Kenya kuna kizuizi halisi. Uingereza ina huduma ya serikali inayokokotoa na kukusanya matunzo ya watoto, nayo humshika hata mwanajeshi aliyepelekwa kazini nje ya nchi. Lakini huduma hiyo inamtaka mtoto na mzazi anayeishi naye wawe wakaazi wa Uingereza. Mama wa Nanyuki akituma fomu huko, ombi lake halitapokelewa, na akikataliwa atadhani kesi imekwisha. Haijaisha. Amegonga mlango usio wake. Mlango wake ni mahakama, kwa sababu Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989, katika Jedwali la Kwanza, aya ya 14, inashughulikia hali hii hasa: mzazi mmoja anaishi England au Wales, mtoto anaishi na mzazi mwingine nje. Mahakama inaweza kumwamuru aliyeko huko alipe kiasi fulani kila baada ya kipindi. Katika hali hiyo haiwezi kutoa nyumba wala malipo makubwa ya mara moja; yule anayekuahidi nyumba kutokana na kesi ya namna hii anakudanganya.

Sasa turudi kwenye jina. Chini ya Sheria ya Familia ya Uingereza ya 1986, mahakama inaweza kutamka rasmi kwamba mtu fulani ndiye mzazi wa mtoto fulani, hata kama mtoto hajawahi kukanyaga huko, mradi mmoja wa wahusika ana makao ya kisheria England au Wales, au ameishi huko mwaka mzima. Mwanamume akikataa kupimwa DNA, hafungwi kamba akatolewa damu, lakini mahakama ina ruhusa ya kukuchukulia kukataa kwake kuwa ushahidi dhidi yake. Vipi basi kama hujui hata jina la ukoo? Katika miaka ya karibuni, kesi za watoto wa Nanyuki zimefika Mahakama Kuu ya England na kuonyesha njia. Mate ya mtoto huchukuliwa katika kichupa, vinasaba vyake vikalinganishwa na hifadhi za kibiashara ambamo mamilioni ya watu wameweka vinasaba vyao kutafuta asili ya koo zao. Akipatikana binamu au shangazi wa mbali, wataalamu hupanga ukoo tawi kwa tawi hadi wamfikie mwanamume ambaye umri wake na safari zake zinalingana. Mahakama hiyo imewahi pia kuziamuru idara za serikali zinazoshika kumbukumbu zitoe majina na anwani, na imekwisha kutamka rasmi nani ni baba wa baadhi ya watoto hao.

Kwa sababu hiyo, vitu vidogo vilivyo kwenye sanduku chini ya kitanda vina uzito kuliko barua kumi zinazopelekwa langoni mwa kambi. Picha ya zamani inayoonyesha beji ya kikosi begani inaweza kusema ni kikosi gani kilikuwa Kenya mwezi ule. Risiti ya pesa zilizotumwa kutoka ng'ambo ina jina kamili la mtumaji. Ujumbe wa simu anamouliza hali ya ujauzito unaonyesha kwamba alijua. Kadi ya kliniki inaweka tarehe. Usifute chochote, hata maneno ya kuumiza, na simu ikiharibika usiiuze kabla ya kutoa kilichomo.

Wapo wanaouliza kwa nini mtoto wa Kenya aende kutafuta haki yake England ilhali Nanyuki kuna mahakama. Swali hilo ni la heshima, nami sitaki kulipuuza. Mahakama ya Watoto ya Kenya ina mamlaka ya kuamuru matunzo, na nchi hizi mbili zina utaratibu wa kupokezana amri: ya Kenya inaweza kupelekwa Uingereza, ikasajiliwa au kuthibitishwa huko, kisha ikatekelezwa. Kama jina na anwani ya baba vinajulikana na hakani mtoto, njia hii ni fupi na nafuu, na afisa wa watoto wa kaunti au mawakili wa FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, wanaweza kukuonyesha pa kuanzia. Lakini amri isiyo na mtu wa kupelekewa hukaa kwenye faili. Pale ambapo baba hajulikani au anakana, tamko la ubaba lifuatwe kule aliko, kwa kuwa huko ndiko ziliko kumbukumbu zake na uliko mshahara wake.

Wengine husema mama alijua mgeni ataondoka, basi avumilie. Huenda alijua. Mtoto hakujua, na haki tunayoizungumzia ni yake. Ndiyo maana hata mama aliyepokea pesa kidogo akatia saini kwamba hatadai tena hajamfungia mtoto mlango; mzazi hawezi kuuza haki ya matunzo ya mwanawe. Husemwa pia kwamba yule mwanamume sasa ana mke na watoto kwao. Mahakama itawahesabu hao katika kupanga kiasi, kama inavyohesabu kipato chake na mahitaji ya mtoto, ila kuwahesabu hakumfuti wa Nanyuki. Na aliyeacha jeshi hakuacha kuwa baba. Mshahara wake utakatwa kwa njia za raia wa kawaida, zile zile za sheria ya 1971.

Muda una gharama yake. Kwa kawaida amri chini ya sheria ya 1989 hairudi nyuma kupita siku ombi lilipowasilishwa, kwa hiyo miaka ya kusubiri baba abadilike haidaiwi tena. Malipo nayo kwa kawaida hukoma mtoto akifika miaka 18, isipokuwa yuko masomoni au ana hali maalumu, kama ulemavu. Kijana aliyevuka umri huo bado anaweza kuomba tamko la ubaba kwa jina lake mwenyewe, na faida yake haiishii kwenye pesa: mtoto wa baba Mwingereza aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2006 anaweza kuwa raia wa Uingereza tangu kuzaliwa hata kama wazazi hawakuoana, mradi ubaba umethibitishwa, na wa kabla ya hapo ana njia ya kuandikishwa. Uraia wa Kenya anaoupata kwa mama hautapotea, kwani Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili.

Bado si haki kwamba mzigo wote wa kutafuta jina uwe juu ya mama mwenye kibanda cha mboga. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza imesema kwamba hushirikiana na mamlaka za matunzo ya watoto za hapa pale dai la ubaba linapotokea. Basi ushirikiano huo uandikwe ndani ya mkataba wa ulinzi unaoyaruhusu mazoezi hayo: Mahakama ya Watoto ya Kenya ikiuliza mwanajeshi fulani ni nani na yuko wapi, jeshi lijibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, awe bado kazini au ameshatoka. Wabunge wa Laikipia na Samburu wana nafasi ya kulidai hilo kila mkataba huo unapofika Bungeni, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza kama walilidai.