Kununua Semitrela Iliyotumika: Somo kwa Anayeanza Biashara ya Usafirishaji

Anayeingia katika biashara ya malori kwa mara ya kwanza mara nyingi huja na fedha za kiinua mgongo, mauzo ya kiwanja, au mkopo uliowekewa nyumba kuwa dhamana. Fedha hizo zikipotea, hazirudi kwa urahisi. Katika somo hili tunamkumbusha mnunuzi jambo moja: bei ya gari siyo gharama ya gari. Lori lililotumika hununuliwa mara mbili, kwanza kwa muuzaji, kisha kwa fundi na muuza vipuri. Anayemaliza fedha zote katika ununuzi wa kwanza huegesha gari kabla halijamlipa.

Tuchukue mfano wa matairi. Kichwa chenye ekseli tatu huwa na matairi 10, na tela lenye ekseli tatu za matairi pacha huwa na 12. Jumla ni 22, bila tairi la akiba. Umri wa tairi husomwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi ahesabu matairi yatakayohitaji kubadilishwa, aulize bei yake dukani, kisha aongeze kiasi hicho juu ya bei aliyotajiwa.

Hatua ya kwanza: nyaraka

Kichwa na tela husajiliwa kila kimoja peke yake. Kwa hiyo daini kadi mbili halisi. Linganisha namba ya chasisi na ya injini iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Thibitisha umiliki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kulipa. Muuzaji akionyesha nakala tu, uliza kadi halisi iko wapi, kwa maana gari lenye mkopo ambao haujaisha huenda bado likawa dhamana ya benki. Hakiki pia kama namba ya gari inadaiwa faini za barabarani.

Hatua ya pili: ukaguzi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Rangi mpya isikupumbaze. Nenda na fundi wako mwenyewe, wala si yule aliyeletwa na dalali, naye akague haya:

1. Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukiikuta imekwisha kupashwa moto, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni dalili ya injini kuunguza oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji kuingia ndani yake.
2. Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma. Hewa ikitoka kwa kishindo, huenda ringi za pistoni zimechoka.
3. Chasisi ikaguliwe kwa chini, hasa karibu na sahani inayoshika tela. Nyufa na alama za kuchomelea zihojiwe moja baada ya nyingine.
4. Mitungi ya breki ijazwe upepo, kisha injini izimwe. Geji ikishuka haraka, upepo unavuja.
5. Gari lijaribiwe barabarani, ikiwezekana likiwa na mzigo na kwenye mlima. Gia na klachi mbovu hujificha gari likiwa tupu.

Hatua ya tatu: hesabu ya kazi

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, semitrela ya ekseli sita yenye matairi pacha haipaswi kuzidi tani 50, uzito wa gari na mzigo kwa pamoja. Ikiwa kichwa na tela tupu vina tani 18, mzigo halali ni tani 32. Muuzaji anayeahidi zaidi ya hapo anakuuzia faini ya mizani.

Kumbuka pia kwamba dizeli hulipwa kabla ya safari, ilhali nauli mara nyingi hulipwa baada ya mzigo kupokelewa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 900. Lori lenye mzigo likitumia lita moja kwa kilomita 2, safari ya kwenda pekee inadai lita 450. Ongeza posho ya dereva, bima na leseni ya LATRA. Tunashauri utenge fedha za safari kadhaa na za tengenezo moja kubwa kabla ya kutaja bei unayoimudu.

Hatua ya nne: mkataba

Ahadi zote za muuzaji ziandikwe katika mkataba unaotaja namba za chasisi, kasoro zilizokubaliwa na tarehe ya kukabidhi kadi. Lipa kupitia benki, kwa jina lililo kwenye kadi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, lakini mlalamikaji asiye na maandishi hupata taabu kuthibitisha alichoahidiwa.

Zoezi

Kabla ya kutoa hata arubuni, andika majibu ya maswali haya:

1. Baada ya kulipia gari, nitabakiwa na kiasi gani?
2. Gari likisimama mwezi mzima, nani atalipa rejesho la mkopo?
3. Ni nani hasa amekubali kunipa mzigo?

Swali moja likikosa jibu, ahirisha ununuzi.